Ritifaa ya Mama

Mamangu alinipigia simu saa nne asubuhi akiwa kwenye foleni ya kliniki. "Baba," akasema, kwa kuwa nimebeba jina la babake, "hii mashine yenu inasema jina langu si sahihi."

Mashine yenu. Alijua ni mimi niliyeandika ile fomu. Alikuwa amejivunia kwa majirani wote.

Mama anaitwa Ng'endo. Karani alikuwa amejaribu mara tatu, na kila mara yanatokea maandishi mekundu: Jina liwe na herufi pekee. Maneno hayo niliyaandika mimi, usiku, nikikimbilia malipo. Mwishowe karani akatoa ritifaa, akaandika Ngendo, foleni ikasonga. Shida ikaja kwenye dirisha la dawa. Kitambulisho kinasema Ng'endo, rekodi inasema Ngendo, bima ikakataa kulipa. Mama akanunua dawa za presha za wiki moja badala ya mwezi, kwa pesa zake.

Kwenye JavaScript, maandishi huitwa stringi: herufi zilizotungwa kama shanga kwenye uzi. Ili kompyuta ijue uzi unaanzia na kuishia wapi, unaufunga kwa alama za kunukuu, moja moja au mbili mbili. Sasa jaribu kuandika 'Ng'endo' kwa alama moja moja. Kompyuta inasoma N, inasoma g, inakutana na ritifaa, inadhani jina limeisha. Ile "endo" inabaki nje, na programu yote inagoma. Dawa si ngumu. Andika "Ng'endo" kwa alama mbili mbili, ama utangulize mkwaju wa nyuma: 'Ng\'endo'.

Hayo niliyajua. Kilichoniponza ni woga. Tulifunzwa kwamba ritifaa ni mlango wa wezi, na kweli, ukiunganisha jina la mtu moja kwa moja na amri ya SQL, mjanja anaweza kufunga stringi yako mapema na kuongeza amri yake mwenyewe. Kinga yake ni kupitisha jina kando kama thamani, lisichanganywe na amri. Mimi nikaona kazi. Nikaruhusu A hadi Z na nafasi, basi. Hata PHP ilikuwa na njia yake ya mkato, ya kuchomeka mkwaju wa nyuma kabla ya kila ritifaa, hivi kwamba mtu angeweza kujikuta ameandikwa Ng\'endo. Waliitoa mwaka wa 2012, kwenye toleo la 5.4.

Nilirekebisha fomu jioni ile ile. Kesho yake karani akamtafuta Mama na kumkosa. Simu yake ilikuwa imeweka ritifaa iliyopinda, na kwa JavaScript ’ na ' ni herufi mbili tofauti kabisa. Mstari mmoja wa replaceAll ukamaliza hilo.

Nikampigia Mama kumwambia mambo ni sawa. Akanyamaza kidogo. "Na wale wengine?"

Wengine gani? Nikafungua hifadhidata. Miezi minne makarani walikuwa wakitoa ritifaa ili foleni isonge. Nganga. Ndungu. Wangombe. Nikafikiria kuandika programu ya kuzirudisha, halafu nikaona haiwezekani. Ukiiambia kila "ng" iwe "ng'", utamharibia Ngugi, utamharibia Wangari. Kwa sikio, ng na ng' ni sauti mbili, kila mtoto wa shule anajua. Kwa kompyuta ritifaa ni herufi tu kama nyingine, na ukishaifuta, hakuna chochote kwenye stringi kinachokumbuka kwamba ilikuwepo.

Anayekumbuka ni mwenye jina. Basi nikaomba kliniki ruhusa, nikaketi na karani kwa siku mbili, yeye na daftari la vitambulisho, mimi na simu ya ofisi.

"Hujambo mzee. Samahani kukusumbua. Ni Nganga, ama ni Ng'ang'a?"

Wengi walicheka. Mmoja hakucheka. Aliniuliza, "Kwani wewe ni wa wapi, hujui jina hili?"

Nikamwambia mamangu ni Ng'endo. Sikuwa na jibu lingine.