Kutafuta Kasoro kwa Utaratibu: Mafunzo ya Baiskeli ya Injini

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yahusu vyombo vya baharini, lakini yamfaa pia mwalimu, kwa maana hakuna linalokwenda vizuri darasani ambalo halikuundwa kwanza kwa mikono na fikira za mtu. Katika makala haya napenda kuwaeleza walimu wanafunzi habari za chombo nilichokiunda mwenyewe, yaani baiskeli yenye injini ndogo, na jinsi kukitunza kulivyonipa njia ya kumsaidia mtoto aliyekwama katika hesabu.

Chombo chenyewe si uvumbuzi mpya. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, usafiri ulipokuwa wa shida, Soichiro Honda wa Japani, ambaye baba yake alikuwa mhunzi na fundi wa baiskeli, alianza mwaka 1946 kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizokuwa za mitambo ya umeme ya redio za jeshi. Mwaka huohuo, huko Ufaransa, VéloSolex ilianza kuuzwa, injini yake ikiwa juu ya gurudumu la mbele. Watu hao hawakungoja wapate magari. Walianza na baiskeli waliyokuwa nayo.

Mimi nami nilianza na baiskeli ya inchi 26, kwa kuwa shule niliyofundisha ilikuwa kilometa 11 kutoka nyumbani. Injini niliyoinunua ni ya mapigo mawili. Hufungwa ndani ya pembetatu ya fremu, na gurudumu lenye meno 44 hufungwa kwenye spoku za nyuma kwa raba na bolti tisa. Gurudumu hilo lisipokaa katikati sawasawa, mnyororo huruka. Basi nilitumia jioni nzima kulizungusha na kulisawazisha. Baada ya safari za kwanza hapana budi kukaza tena kila nati, kwa sababu mtetemo huzilegeza. Na breki hutazamwa kabla ya injini: anayetaka kwenda kasi aanze kwa kujua atakavyosimama.

Nilipoipeleka shuleni, baiskeli hiyo ikawa kitabu cha hesabu. Wanafunzi walipima kipenyo cha silinda, sentimeta 4, na mwendo wa pistoni, sentimeta 3.8, wakapata ujazo wa sentimeta 47.8 za ujazo hivi. Nikawaambia kwamba injini huzunguka mara 18 ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Ikiwa injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, na mzingo wa gurudumu ni sentimeta 207, je, mwendo wetu ni kilometa ngapi kwa saa? Walipata karibu 25. Walijifunza uwiano pia, kwa maana injini hii haina hazina yake ya oili, nayo hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Kwa sehemu moja ya oili na 25 za petroli, kila lita ya petroli hutaka mililita 40 za oili.

Lakini faida kubwa kuliko hizo niliipata siku injini ilipokataa kuwaka. Mtu asiye na utaratibu hufungua kila kitu kwa pamoja: kabureta, plagi, bomba la moshi. Ikiwaka, hajui kilichoiponya. Isipowaka, huenda ameongeza kasoro ya pili. Injini hutaka mambo matatu: cheche, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na mgandamizo ndani ya silinda. Fundi huyauliza moja moja, akianza na lililo rahisi kulitazama. Nafungua plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki, basi natazama koki na chujio. Ikiwa imelowa, petroli inafika, basi natafuta cheche. Ikiwa nyeusi kwa masizi, hewa haitoshi au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache na injini inachomeka kwa joto. Rangi ya kahawia huonyesha afya. Hivyo plagi hutoa habari za ndani ya silinda, na silinda haijaguswa.

Daftari la mtoto ndilo plagi yake.

Palikuwa na msichana wa Darasa la Tano aliyeshindwa kugawanya kwa njia ndefu. Alikuwa amekosa mara nyingi mno hata akaanza kubaki nyumbani siku za hesabu, na baadhi ya watu walikwisha kusema kwamba hana kichwa cha masomo. Mama yake akanijia akasema, "Mwalimu, naona heri anisaidie shambani kuliko kuja kuaibika." Nikamjibu, "Mama, nipe majuma mawili."

Nilifungua daftari lake. Katika swali la 1,020 kugawanya kwa 12, alikuwa ameandika 8, kisha 96 chini ya 102, kisha baki 96, akaachia hapo. Nikamwita peke yake, kwa kuwa mtoto akichekwa na wenzake huificha kasoro badala ya kuionyesha. Nikauliza jambo la kwanza: 12 mara 8? Akajibu 96 bila kusita. Jedwali lilikuwa zima. Nikauliza la pili: katika 102, sifuri yaonyesha nini? Akasema hakuna makumi. Nikampa la tatu: 102 kutoa 96. Akakopa mamoja kutoka kwenye mia, akairuka sifuri, akapata 6. Kisha kwa sifuri kutoa 9 akaandika 9. Kasoro ilikuwa hapo tu! Kugawanya kwenyewe hakukuwa na ila.

Nikachukua vijiti, nikavifunga makumi kumi, na makumi hayo kumi nikayafunga kuwa mia. Akaifungua mia mwenyewe, akafungua kumi moja kuwa mamoja, akaona kwa macho yake kwamba yamebaki makumi tisa. Tulifanya hivyo siku nne, wala sikumfundisha lingine. Siku ya tano alitoa jibu la 85, kisha akaomba swali jingine. Mama yake hakurudia tena habari ya shamba.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, katika mazoezi yako ya kufundisha utakutana na watoto wa namna hii kila juma. Kabla ya kuwafundisha somo zima upya, ligawe somo katika sehemu zake, uulize sehemu moja baada ya nyingine, na ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja ili ujue lililosaidia. Usiweke alama ya kosa ukapita. Soma hatua ambayo mtoto alipotelea. Kazi hii yataka subira, na madaftari ni mengi. Anza na matatu kila jioni.