Kilo za shosho zinasomwa na nani?

Wasee, siku hizi kila mtu ananionyesha saa na vifaa vya kumpima mgonjwa wa moyo akiwa nyumbani. Poa sana. Lakini namba zikishatumwa, nani anazisoma?

Nauliza juu shosho wangu ana moyo uliochoka kusukuma damu. Haujasimama, umechoka tu, na maji yanabaki mwilini. Miguu inafura, halafu usiku hawezi kulala bila mito mitatu. Mara nyingi mizani huwa imeshasema mapema. Mgonjwa kama yeye akiongeza zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, hayo si mafuta, ni maji, na daktari anafaa kujua siku hiyo hiyo.

Basi huko Murang'a, shosho hupanda mizani kila asubuhi, akishatoka choo na kabla ya chai. Leso havui ng'o. Anasema ni ile ile kila siku, kwa hivyo haibadilishi hesabu, na kusema ukweli ako sawa. Binamu yangu anatuma kilo na presha kwa namba ya WhatsApp tuliyopewa na kliniki.

Kuna wikendi moja kilo zilitoka 61 Alhamisi zikafika 63.8 Jumapili. Tulituma zote. Tiki za buluu zilikuja Jumatatu saa nne asubuhi, shosho akiwa tayari amelazwa na oksijeni puani. Kliniki sitaitaja.

Hii kitu imeshafanyiwa utafiti. Marekani, matokeo ya mwaka 2010: wagonjwa 1,653, nusu yao walikuwa wanapigia mashine kila siku, inawauliza kilo na dalili. Majibu yalikuwa yanaangaliwa siku za kazi. Mwishowe hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wale wa kliniki ya kawaida, na wengi walichoka hata kupiga. Ujerumani, matokeo ya 2018: wagonjwa 1,571, nusu walituma kilo, presha na kipimo cha umeme wa moyo kila siku hadi hospitali ya Charité, Berlin. Huko kulikuwa na madaktari na manesi wa zamu saa 24. Namba ikibadilika, wanapiga simu, dawa inarekebishwa. Waliofariki kwa mwaka walikuwa kama 8 kwa kila 100, wale wengine kama 11. Tofauti za tafiti hizo mbili ni nyingi, najua, lakini mimi ile ya zamu ndiyo imenikaa kichwani.

Kwa hivyo mtu akikuuzia kifaa cha babu yako, muulize nani ako zamu Jumapili usiku. Akianza kukuelezea betri, enda zako.

Sisi sasa tuko na karatasi ya daktari juu ya mizani: kilo zikifika 63, shosho aongeze kidonge kimoja cha dawa ya maji na tupige simu, si kutuma meseji. Chini kuna namba ya nesi wa wikendi. Hiyo tuliiomba mara tatu.