Lijamu ya Kondoa

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Kondoa, aliniletea kipande cha chuma chenye kutu kilichofukuliwa shambani kwao. Nyumbani walikiita pingu ya watumwa. Nami, nakiri, niliamini papo hapo, hata nikaanza kuwaza namna ya kukitumia katika mhadhara.

Tulipokitazama kwa makini, dai hilo halikusimama. Vilikuwa vyuma viwili vifupi vilivyoungana katikati, na pete moja kila mwisho. Hapakuwa na mahali pa kufuli wala pa kubana mkono. Maungio ya katikati yalikuwa yamelika kwa kusuguana. Kwenye pete moja tuliona alama ndogo ya mshale, ile iliyopigwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Ilikuwa lijamu: chuma kinachokaa kinywani mwa farasi, na pete zake ndizo hufungiwa hatamu.

Aprili 1916, wapanda farasi wa Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini waliiteka Kondoa Irangi kutoka kwa Wajerumani. Farasi wao walikufa kwa wingi, kwa uchovu na kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wanyama walipokwisha, mizigo ilihamia vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walipoteza maisha katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao cha uchukuzi ndicho kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake.

Farasi ameacha chuma ardhini, nasi tumeweza kumtambua baada ya miaka zaidi ya 100. Mpagazi alibeba mzigo juu ya ngata ya majani, na majani huoza. Tumezoea kutaja walioshika hatamu. Ni nadra kuuliza nani alibeba mzigo.

Nilimwomba kijana yule arudi kwao akawaulize wazee. Alirejea na jina moja tu, la babu wa bibi yake, aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita asirudi tena. Hatuna mfupa wala chuma chake. Tumeliandika jina lile kwenye karatasi, tukaliweka pamoja na lijamu.