Upanga wa Mfalme Katika Jumba la Frimasoni

Msafiri ashukaye garimoshi katika kituo cha Holborn, katikati ya mji wa London, hana safari ndefu. Akienda kwa miguu dakika chache atafika njia iitwayo Great Queen Street, na hapo ataona jumba kubwa la mawe lenye mnara. Hilo ndilo Freemasons' Hall, makao makuu ya Frimasoni wa Uingereza. Lilijengwa tangu mwaka 1927 hata 1933, liwe ukumbusho wa wanachama zaidi ya 3,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndani yake mna makumbusho ambayo watu wote huruhusiwa kuyatazama.

Frimasoni ni chama cha udugu na sadaka, nacho hutumia vyombo vya waashi, kama vile bikari, timazi na aproni, kuwa mifano ya mwenendo mwema. Kwa hiyo wageni wengi hustaajabu kuona panga kati ya vyombo hivyo vya kazi. Sababu yake ni hii: loji inapokutana, bawabu husimama nje ya mlango akiwa na upanga uliochomolewa alani, ili asiingie mtu asiyehusika.

Upanga unaozidi yote kwa heshima ni ule uchukuliwao mbele ya Mkuu wa chama siku za sherehe. Kwa mapokeo ya chama, ulikuwa wa Gustavus Adolphus, Mfalme wa Sweden, aliyeuawa vitani huko Lützen, Ujerumani, mwaka 1632. Baada yake ulivaliwa na Bernard, Duke wa Saxe-Weimar, aliyeshika uongozi wa jeshi lake. Na majina ya wote wawili yaliandikwa juu ya bapa la upanga. Mwaka 1731 Duke wa Norfolk aliutoa zawadi kwa chama. Alimwagiza George Moody, fundi wa panga wa mfalme wa Uingereza, aipambe ala yake kwa fedha yenye nembo ya Norfolk. Pamoja na upanga huo alitoa paundi 20 za kuwasaidia maskini, na kitabu kikubwa cha kuandikia habari za mikutano. Hivyo silaha ya vita ilifika mlangoni pamoja na sadaka.

Mtu apendaye kukusanya panga za namna hii hawezi kuupata ule, lakini aweza kujifunza neno kwao, yaani kwamba heshima ya upanga imo katika majina yake. Huko Marekani, tawi la Knights Templar lilivaa panga katika gwaride. Viwanda kama Ames cha Chicopee, Massachusetts, na M. C. Lilley cha Columbus, Ohio, vilitengeneza nyingi katika karne ya 19, na nyingi zilichorwa jina la mwenyewe. Mwenyewe alipokufa, upanga ulibaki kwa watoto. Wajukuu wasiojua maana yake wakauuza.

Basi mnunuzi mwenye busara hutazama kwanza jina la kiwanda karibu na mpini, kisha jina la mwenyewe. Huangalia kama ala ni ya upanga ule ule, na kama mpini haukulegea. Mpini ukiwa wa pembe ya ndovu, huuliza sheria kabla ya kutoa fedha, kwa maana nchi nyingi zimezuia biashara hiyo.

Zaidi ya yote, hadanganywi na mng'aro. Michoro ya bapa ni ya juu juu tu. Ausuguaye upanga kwa msasa huondoa kutu pamoja na jina, na jina likiisha kufutika, mjukuu autafutaye upanga wa babu yake hataujua hata akiushika mkononi. Kitambaa laini na mafuta kidogo vyatosha. Wahenga walisema kweli: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.