Maumivu Yasiyo na Shahidi

Uti wa mgongo ni mhimili wa mwili, kama nguzo ilivyo mhimili wa nyumba. Umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya moja, na baina ya pingili na pingili pamewekwa mto wa gegedu ili mfupa usisagane na mfupa. Ndani yake imepita mishipa ya fahamu. Mto mmoja wa kiunoni ukichomoza na kuukandamiza mshipa, maumivu hushuka mpaka unyayoni mithili ya moto katika nyasi kavu.

Mimi ni fundi seremala, na nguzo yangu ina ufa. Madaktari husema kuwa maumivu yakizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa ya kudumu. Yangu yana miaka 9, umri wa mtoto ajuaye kusoma. Kiti nakikalia nusu saa, kisha sharti nisimame. Nikisimama nusu saa, sharti nijinyoshe chini. Randa niliyoipiga kutwa katika ujana wangu, sasa hunishinda kabla ubao mmoja haujalainika.

Lakini anitazamaye haoni kitu. Sina gongo, sina kovu. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Hata mashine kubwa zaidi, zionyeshazo ile mito ya gegedu, si hakimu wa kutosha. Maana wako watu ambao mito yao imechomoza na hawaumwi, na wako waumwao ambao picha zao ni njema. Wahenga walisema kweli: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, yasema kuwa Serikali itawapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa hiyo, aombaye msaada wa ulemavu haombi sadaka; adai haki. Ila haki hii ina mlango, na mlango wenyewe ni uthibitisho. Sharti mtu apimwe na jopo la madaktari katika hospitali ya umma, kisha taarifa yao ipelekwe, ndipo aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Siku yangu ilipofika nilingoja tangu alfajiri juu ya benchi lisilo na egemeo. Kuwakalisha wenye migongo mibovu juu ya benchi kama lile ni jambo ambalo seremala hawezi kulipita kimya. Nilipoitwa, daktari aliniamkia kwa upole, "Hujambo, mzee?" Ulimi ukajibu, "Sijambo, daktari."

Itazameni lugha yetu, enyi vijana. Mwulize mwenye homa, mwulize aliyefiwa. Kila mmoja atasema kwanza kuwa hajambo, kisha ataongeza neno "ila". Sijambo, ila kichwa chauma. Sijambo, ila mtoto hakulala. Adabu hutangulia na ukweli hufuata nyuma ya neno hilo dogo. Wengi wetu huishia kwenye adabu, na neno "ila" hatulifikishi mdomoni. Katika baraza la wazee huo ni ustahimilivu. Mbele ya jopo la madaktari ni hasara, maana kalamu huandika ilichosikia. Mficha ugonjwa kifo humuumbua.

Upande wa pili palikuwa na kishawishi kingine. Jirani mmoja katika foleni alininong'oneza niingie nikichechemea na kuugua kwa sauti. Sikumfuata. Mwongo mmoja akigunduliwa, waumwao mia watakaomfuata hawatasadikiwa.

Basi baina ya kuficha na kutia chumvi nilishika njia ya ufundi wangu. Seremala hasemi kuwa ubao ni mrefu. Husema ni futi ngapi. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeandika katika daftari vipimo vya mgongo wangu: dakika nilizokaa, hatua nilizokwenda kabla ya mguu kufa ganzi, uzito ulionishinda kuinua, saa nilizolala usiku. Baada ya kusema sijambo, nilisema "ila", nikalifungua daftari. Madaktari walilisoma, wakaniinamisha, wakaipima nguvu ya miguu yangu, wakaandika.

Niliandikishwa. Fedha za kila mwezi za wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 mnamo mwaka 2024, hazikunihusu, kwa kuwa hizo zimewekewa wale wahitajio mtu wa kuwatunza wakati wote. Nami, namshukuru Mungu, najilisha na kujivika. Nimeomba vifaa vya kazi katika hazina iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 kuwasaidia watu wenye ulemavu, nipate mashine ya kuranda ifanye kazi ambayo mgongo wangu umeikataa. Jibu bado nalingoja. Jioni mwanafunzi wangu wa useremala hushika randa, nami nikiwa nimelala juu ya mkeka humwelekeza kwa mdomo.

Iwapo siku moja ninyi mtakuwa madaktari au makarani, na mtu asiye na kovu akawaambieni kuwa hajambo, msifunge faili upesi. Mngojeeni aseme "ila".