Kabete, Mahali Wafundishwapo Madaktari wa Mifugo

Mtu atokaye Nairobi kwa njia ya Naivasha, akiisha kuziacha nyumba za mji, hupanda polepole mpaka Kabete, nchi ya udongo mwekundu, yenye vilima virefu na vijito mabondeni. Huko wakulima wengi hufuga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili katika mashamba madogo, na ng'ombe huyo ndiye karo ya watoto. Mnamo 1910 serikali ilijenga hapo maabara ya magonjwa ya wanyama, na mwaka 1962 ikaanzishwa shule ya chuo kikuu ya madaktari wa mifugo. Wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania walisoma hapo pamoja, kabla Makerere na Morogoro hazijapata shule zao katika miaka ya 1970.

Mwanafunzi huanzia Chiromo, karibu na mji, ambako Wangari Maathai alikuwa mwalimu wa elimu ya viungo vya wanyama. Baadaye hupanda Kabete kujifunza kutibu, maana ng'ombe mgonjwa hawezi kuponywa kwa kitabu.

Je, nyumba za shule ya namna hii zijengwe vipi? Wengi wangetaja kwanza madarasa makubwa na madirisha ya vioo. Lakini mchora ramani mwenye akili huanza na njia: mnyama ataingia wapi, atatoka wapi, na akifa atapelekwa wapi. Lango liwe pana kwa lori, na pawepo kipandio cha kumshushia ng'ombe bila kuruka. Sakafu iwe ya simiti isiyoteleza, kwa maana ng'ombe akivunjika mguu hapo, ameumizwa na nyumba iliyojengwa kumponya. Wanafunzi wakae juu ya ngazi nyuma ya vyuma, wote waone na mnyama asiogope. Mbwa na paka wawe na mlango wao mbali, na mbwa adhaniwaye kuwa na kichaa awekwe peke yake katika kizimba imara.

Wanyama wenye magonjwa ya kuambukiza hapana budi watengwe. Chumba cha kupasulia mizoga kiwe mwisho kabisa, chenye tanuri ya kuchomea, na mtu asitoke humo bila kunawa na kuvua mabuti. Maji yake yasitelemke kijitoni, kwa kuwa walio bondeni huyatumia.

Mambo haya si mapambo. Mwaka 1930 kondoo wa shamba moja karibu na ziwa la Naivasha walitupa mimba, na wana-kondoo wakafa kwa wingi. Wataalamu Daubney, Hudson na Garnham waliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1931 wakautangaza kwa jina la homa ya Bonde la Ufa. Wachungaji waliowashika kondoo walipata homa, na baadhi ya wachunguzi wenyewe nao wakaugua. Kimeta pia humpata mtu aupasuaye mzoga, na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Basi ukuta uliowekwa mahali pasipofaa waweza kumgharimu mwanafunzi maisha yake.

Hata hivyo, sehemu moja ya shule haina kuta. Wanafunzi hupanda gari pamoja na mwalimu, wakaenda mashambani kumzalisha ng'ombe au kumtibu ndama mwenye ndigana. Huko hakuna sakafu ya simiti wala taa kubwa; pana kamba, ndoo ya maji na mwenye ng'ombe akingoja kwa wasiwasi. Kwa hiyo ramani njema haisahau mahali pa kuoshea gari hilo lirudipo, lisije likaleta ugonjwa kutoka zizi moja hadi jingine.

Sotoka, iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani. Ushindi huo ulitokana na chanjo njema, pamoja na watu waliofundishwa kazi yao vizuri. Mkulima apelekaye mnyama wake Kabete hutazama kama atarudi naye nyumbani. Nyumba iliyopangwa kwa busara humsaidia kurudi naye, wala asirudi na ugonjwa mwingine.