Sala ya Mwalimu Uwanjani

Huko Bremerton, Marekani, mwalimu msaidizi wa mpira, Joseph Kennedy, alizoea kupiga magoti katikati ya uwanja kila mchezo ulipokwisha, akamshukuru Mungu. Mwaka 2015 wakuu wa shule walimkataza, kwa kuwa shule ile ni ya serikali. Akashitaki, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilimpa haki, waamuzi 6 wakikubali, 3 wakikataa.

Mimi nami ni mwalimu, nami nasali. Nafurahi kwamba mtu hakuzuiwa kumwinamia Muumba wake. Lakini namfikiri mwanafunzi. Mzazi mmoja alieleza kwamba mwanawe alishiriki sala ile kinyume cha moyo wake, akiogopa kupunguziwa nafasi ya kucheza. Je, kijana huyo alimpigia magoti Mungu, ama mwalimu?

Sisi walimu ndio tunaochagua nani acheze, nani akae kando. Basi tusali bila haya, lakini tusihesabu waliotufuata. Na yule aliyebaki amesimama, kesho apewe mpira sawasawa na wenzake.